Kuta Zisemazo: Sanaa ya Nje Katika Chuo Kikuu cha Meksiko

Litajwapo neno chuo kikuu, wengi wetu hufikiri habari za vitabu vinene, wahadhiri na mitihani. Askari aliyemaliza shule na kwenda moja kwa moja depo hudhani kwamba mahali pale hapamhusu, ila siku atakapopangwa zamu ya kulinda lango lake. Lakini viko vitabu vya chuo kikuu visivyohitaji cheti wala kadi ya maktaba. Navyo ni picha zilizowekwa juu ya kuta za nje, na sanamu zilizosimamishwa viwanjani, mahali ambapo mwashi, muuza matunda, mwanafunzi na polisi wa doria huziona sawasawa, bila malipo na bila kubisha hodi.

Katika makala hii tumekusudia kuwatembeza wasomaji wetu katika chuo kimoja cha namna hiyo. Hicho ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, ambacho jina lake hufupishwa UNAM, katika sehemu ya kusini ya Mexico City. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pachache duniani ambapo sanaa nyingi kiasi hicho imewekwa nje kwa ajili ya watu wote. Pili, habari za sanaa hiyo zimefungamana na habari za askari. Mmoja wa wachoraji wake wakubwa alikuwa ofisa wa jeshi. Mmoja wa washindi waliotukuzwa katika uwanja wake alikuwa polisi. Na mwaka 1968 jeshi lenyewe liliingia chuoni humo kwa magari ya deraya. Hivyo yale yaliyomo si ya kutazamwa tu, bali ni ya kutafakariwa.

MJI ULIOJENGWA JUU YA MAWE YA MOTO

Chuo hiki kilipewa haki ya kujiendesha chenyewe mwaka 1929. Hata hivyo, kwa miaka mingi hakikuwa na makao yake ya pamoja. Vitivo vyake vilikuwa vimetawanyika katika majumba ya kale katikati ya jiji. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa Rais Miguel Alemán, iliamuliwa kijengewe mji wake wenyewe.

Mahali palipochaguliwa palikuwa uwanda wa mawe meusi. Kiasi cha miaka 1,700 iliyopita mlima mdogo wa volkano uitwao Xitle ulilipuka na kumwaga uji wa moto uliofunika mashamba na makazi ya watu wa kale wa Cuicuilco. Uji ule ulipopoa ukawa jiwe gumu, lenye mashimo na makali, ambamo huota miiba na kujificha nyoka. Wajenzi hawakulikimbia jiwe lile. Walilipasua na kulitumia kwa kuta, ngazi na sakafu za viwanja, hata ikawa chuo chaonekana kana kwamba kimechipuka kutoka ardhini.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Juni 1950. Ramani kuu ilikuwa kazi ya Mario Pani na Enrique del Moral, na wasanifu wa majengo, wahandisi na wachoraji zaidi ya 60 walishiriki. Tarehe 20 Novemba 1952 mji ule ulizinduliwa, ijapokuwa kazi nyingi zilikuwa hazijakwisha. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni sikukuu ya Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini waliona haja ya picha katika majengo ya masomo? Jibu lamo katika Mapinduzi hayo. Vita vilipotulia, miaka ya mwanzo ya 1920, Waziri wa Elimu José Vasconcelos aliwaita wachoraji waipambe mikubwa ya kuta za majengo ya serikali. Raia wengi hawakujua kusoma, na serikali ilitaka wajue historia yao. Mchoro wa ukutani ukawa somo la asiye na kitabu. Lakini michoro ile ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba, katika kumbi na nyua zilizofunikwa na paa. Katika mji mpya wa chuo wachoraji walitaka kuitoa nje kabisa.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Jua la nyanda za juu huchoma rangi, na mvua huiosha. Rangi ya kawaida isingedumu miaka mingi. Ikawabidi wasanii watafute vitu ambavyo hali ya hewa haiviharibu upesi: mawe, vioo na vigae. Kila mmoja alitafuta njia yake, nasi tutazifuata njia hizo moja baada ya moja.

GHALA LA VITABU LILILOVISHWA NGUO

Jengo lijulikanalo kuliko yote ni Maktaba Kuu. Aliyelibuni ni Juan O'Gorman, akisaidiana na Gustavo Saavedra na Juan Martínez de Velasco. O'Gorman alikuwa msanifu na pia mchoraji. Sehemu ya juu ya maktaba ni ghala la vitabu la ghorofa kumi. Kwa kuwa vitabu havipendi mwanga wa jua, ghala hilo halina madirisha ya kawaida ila upenyo mdogo mdogo. Mtu mwingine angeacha sanduku kubwa la zege likiwa tupu. O'Gorman aliona humo ukurasa mweupe wenye pande nne.

Hakutumia brashi. Alisafiri sehemu nyingi za Meksiko akitafuta mawe yenye rangi zake za asili: mekundu, ya njano, ya kijani, meupe, meusi, ya waridi. Rangi moja ilimshinda kuipata katika jiwe lililofaa, nayo ni buluu. Kwa hiyo akatumia vioo vya rangi. Mawe yalivunjwa vipande vidogo, yakapangwa chini kwa kufuata mchoro katika vipimo vya meta moja kwa moja, yakamiminiwa zege nyuma yake. Vigae hivyo vilipokauka vilipandishwa juu na kufungwa ukutani kimoja kimoja. Eneo lote lililofunikwa ni kiasi cha meta za mraba 4,000. Jua halikuweza kulifisha, kwa kuwa rangi ile si ya kupakwa. Ni rangi ya jiwe lenyewe.

Upande wa kaskazini waonyesha maisha ya kabla ya kuja Wahispania, pamoja na miungu ya wenyeji, akiwamo Tlaloc, mungu wa mvua. Upande wa kusini wasimulia miaka ya ukoloni: humo zimo picha za elimu ya nyota ya Ptolemaio na ya Copernicus, makanisa, mapanga na silaha za wavamizi. Upande wa mashariki ni wa dunia ya sasa, nao upande wa magharibi waonyesha chuo chenyewe na Meksiko mpya. Mtu akilizunguka jengo lile mara moja tu, amekwisha kutembea katika historia ya nchi nzima.

Lipo jambo moja katika ukuta wa kusini ambalo twaona lafaa kutajwa. O'Gorman hakuuficha ukoloni, wala hakuuchora kana kwamba ulikuwa giza tupu. Msalaba na upanga vimewekwa karibu karibu, na elimu mpya ya nyota imewekwa papo hapo. Amemwachia mtazamaji apime mwenyewe. Huo ni ukweli ambao vitabu vingi vya shule hukwepa kuusema.

KAPTENI MWENYE BRASHI

Mkabala na maktaba husimama jengo refu la utawala wa chuo. Kuta zake zilikabidhiwa David Alfaro Siqueiros. Wasomaji wetu wa jeshi watapenda kujua kwamba mchoraji huyu hakujifunza vita kwa kusikia. Alizaliwa mwaka 1896. Akiwa kijana mwanafunzi aliingia katika jeshi la Wakatiba wakati wa Mapinduzi, akapanda mpaka cheo cha kapteni. Baadaye alikwenda Hispania akapigana upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maisha yake hayakuwa ya malaika. Mwezi Mei 1940 aliongoza kundi lenye silaha lililoshambulia nyumba ya Trotsky katika Mexico City, na tangu mwaka 1960 hadi 1964 alikuwa gerezani kwa sababu za siasa.

Ukutani alikuja na fikira za kiaskari. Alisema moyoni kwamba mtazamaji wa nje hasimami mahali pamoja kama mtu aliye kanisani. Yeye hupita, tena pengine hupita katika gari kwenye barabara kuu ya Insurgentes iliyo karibu. Kwa hiyo picha lazima isomeke kutoka mbali na kutoka pembe nyingi. Katika ukuta wa kusini aliwafanya wanafunzi wake watokeze nje ya ukuta, miili yao ikiwa na unene wa zege lililofunikwa vipande vya vioo, mikono ikinyooshwa mbele. Jina la kazi hiyo lina maana ya watu kwenda chuoni na chuo kwenda kwa watu. Wanafunzi wale hawakai kitako kufurahia elimu yao. Wanairudisha kwa wale waliowalipia.

Upande wa kaskazini upo mchoro wake mwingine wenye mikono, kitabu na orodha ya miaka. Ya kwanza ni 1520, mwaka wa mapambano makali dhidi ya Wahispania. Inafuata 1810, mwanzo wa vita vya uhuru. Kisha 1857, mwaka wa katiba. Halafu 1910, mwaka wa Mapinduzi. Ya mwisho imeandikwa 19, na badala ya tarakimu mbili zilizobaki pana alama mbili za kuuliza. Msanii aliuacha mwaka huo wazi. Karne ile ya ishirini imekwisha, lakini alama zile mbili zingali pale, na kila kizazi kipitacho hujiuliza ni mwaka gani ulistahili kuandikwa.

UWANJA WA MICHEZO NA MASHUJAA WA AFRIKA

Ng'ambo ya barabara kuu ya Insurgentes upo uwanja wa michezo, uliobuniwa na Augusto Pérez Palacios na wenzake. Umejengwa kwa kurundika udongo pande zote na kuufunika kwa mawe ya volkano, hivyo mtu akiutazama kwa mbali hudhani ni mdomo wa mlima wa moto. Juu ya lango lake kuu Diego Rivera aliweka nakshi ya mawe ya rangi iliyotokeza nje ya ukuta. Katikati yuko baba na mama na mtoto wao, na njiwa wa amani. Juu yao tai na kondori wametandaza mabawa. Pembeni mwanamichezo wa kiume na wa kike huwasha mwenge, na chini amelala nyoka mwenye manyoya, ishara ya kale ya nchi ile, pamoja na mahindi.

Rivera alitaka kuuzungushia uwanja mzima nakshi ya namna hiyo. Fedha hazikutosha, afya yake ikadhoofika, akafariki mwaka 1957. Kwa hiyo kazi ile imebaki kipande kimoja juu ya lango. Hata hivyo kipande hicho kilishuhudia mambo makubwa.

Mwezi Oktoba 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, na mashindano ya riadha yalikuwa katika uwanja huu. Jiji lile liko juu kiasi cha meta 2,240 kutoka usawa wa bahari, na wakimbiaji wengi wa nchi za chini walikosa pumzi. Ndipo Waafrika walipong'ara. Naftali Temu wa Kenya alishinda meta 10,000. Kipchoge Keino, ambaye alikuwa polisi wa Kenya, alimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani katika meta 1,500. Mamo Wolde, askari wa Walinzi wa Mfalme wa Ethiopia, alishinda mbio ndefu za marathoni.

Katika marathoni hiyo hiyo, tarehe 20 Oktoba, alikuwamo Mtanzania John Stephen Akhwari. Alianguka njiani akaumia goti. Zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kufika, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka na giza limeingia, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akauzunguka uwanja mpaka akavuka mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Neno hilo kila askari aliyewahi kupewa amri ngumu ataelewa maana yake. Wasomaji wetu pia watakumbuka kwamba katika michezo hiyo hiyo, ingawa katika ukumbi mwingine jijini, mabondia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo waliiletea Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki: ya fedha na ya shaba.

KUTA NYINGINE

Hatuwezi kuzieleza zote, lakini mbili au tatu hazifai kupitwa. Katika Kitivo cha Udaktari Francisco Eppens aliweka kichwa kikubwa chenye nyuso tatu. Upande mmoja ni baba wa Kihispania, upande wa pili ni mama mwenyeji wa asili, na katikati ni uso wa mtoto wao chotara, yaani Mmeksiko wa leo. Chini yao fuvu la kichwa latafuna gunzi la mahindi, na nyoka anayeumeza mkia wake amezunguka picha yote kuonyesha kwamba uhai na mauti havina mwisho. Daktari mwanafunzi hupita chini ya picha ile kila asubuhi akikumbushwa kazi iliyo mbele yake.

José Chávez Morado naye alipamba majengo ya sayansi kwa vipande vya vioo. Katika mchoro mmoja alionyesha binadamu tangu alipoogopa giza na kugundua moto mpaka alipofikia nguvu za atomu. Katika mwingine hakuchora miungu wala wafalme. Alichora wajenzi wa mji ule wa chuo, watu wa nyundo na toroli, pamoja na wakulima wa ardhi ile. Kwetu sisi hiyo ni heshima kubwa. Mwashi hujenga nyumba ambayo kwa kawaida hataingia tena siku ya kufunguliwa. Hapa yeye mwenyewe amewekwa ukutani, na maprofesa hupita chini yake.

SANAMU ILIYOKOSA MLINZI

Si kila kazi iliyowekwa pale ilipendwa. Mwaka 1952 ilisimamishwa karibu na maktaba sanamu kubwa ya mawe ya Rais Alemán, aliyejengesha mji ule. Mchongaji wake alikuwa Ignacio Asúnsolo, fundi hodari. Rais alionyeshwa amevaa joho la msomi. Hapana shaka waliomweka pale walitaka kumshukuru, lakini wanafunzi waliona vingine. Waliona mtawala aliyejiinua juu yao akiwa angali madarakani.

Katika miaka ya 1960 sanamu ile ilipigwa kwa baruti zaidi ya mara moja, ikaharibika vibaya. Mabaki yake yakazungushiwa mabati ili yasionekane. Mwaka 1968, wakati wa mgomo mkubwa, wachoraji wengi walikuja wakayapaka mabati yale picha za mapambano ya siku zile, hata aibu ya sanamu iliyovunjika ikageuka kuwa ubao wa matangazo ya watu. Baadaye mabati na mabaki yote yaliondolewa.

Hatusifu baruti. Mali ya umma ikivunjwa ni jasho la umma lililomwagika. Lakini ni lazima tujiulize: kwa nini sanamu ile ilihitaji kulindwa, na mawe ya O'Gorman yaliyokuwa hatua chache kutoka hapo yakadumu? Ukuta wa maktaba ulisimulia habari za watu wote. Sanamu ilisimulia habari za mtu mmoja. Kitu ambacho watu hukiona kuwa ni chao hulindwa na macho elfu. Kitu walichobandikiwa hakitoshewi na zamu tatu za walinzi.

SIKU JESHI LILIPOINGIA

Sasa tumefika katika sehemu ngumu, nasi hatutaiepa, kwa kuwa tunawaandikia watu wa silaha. Mwezi Julai 1968 polisi waliingilia ugomvi wa wanafunzi wa shule mbili katika Mexico City kwa nguvu iliyozidi kiasi. Ghadhabu ikasambaa. Tarehe 30 Julai askari walivunja kwa bazuka lango la kale la mbao zilizochongwa la Shule ya Maandalizi katika jengo la San Ildefonso, jengo lile lile ambamo michoro ya ukutani ya Meksiko ilianzia miaka ya 1920. Mkuu wa chuo, Javier Barros Sierra, aliteremsha bendera nusu mlingoti, na tarehe 1 Agosti yeye mwenyewe aliongoza maandamano ya amani.

Usiku wa tarehe 18 Septemba maelfu ya askari waliingia katika mji wa chuo na kuushika. Wanafunzi, walimu na wazazi wengi walikamatwa. Barros Sierra alitoa barua ya kujiuzulu kwa kupinga tendo hilo, lakini haikukubaliwa. Jeshi liliondoka tarehe 30 Septemba. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Oktoba, risasi zilifyatuliwa juu ya mkutano wa wanafunzi katika kiwanja cha Tlatelolco. Idadi ya waliokufa ingali ikibishaniwa hata leo. Siku kumi baada ya hapo, chini ya njiwa wa amani wa Rivera, mwenge wa Olimpiki uliwashwa.

Tunawaomba wasomaji wetu wafikiri kidogo juu ya askari wa kawaida aliyekuwa zamu usiku ule wa Septemba. Alisimama katika kiwanja chenye wanafunzi wa zege walionyoosha mikono kumwelekea. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima au wa mwashi, yaani ni mmoja wa wale waliochorwa ukutani na Chávez Morado. Picha zile zilitengenezwa kwa ajili yake kama zilivyotengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyekuwa akimlinda chini ya mtutu. Siqueiros, kapteni wa zamani, aliandika pale kwamba chuo ni cha watu. Askari naye ni mtu wa watu hao. Wakati amri na ukweli huo vinapogongana, hapo ndipo taifa hupata jeraha ambalo halifungwi kwa bendeji ya wiki moja.

DUARA LA JIWE LISILOGUSWA

Miaka kumi na moja baadaye, mwezi Aprili 1979, chuo kilizindua kazi nyingine ya nje iliyo tofauti kabisa. Safari hii hapakuwa na nyuso, tarehe wala mashujaa. Wachongaji sita, nao ni Helen Escobedo, Manuel Felguérez, Mathias Goeritz, Hersúa, Sebastián na Federico Silva, walikubaliana kuweka majina yao kando na kufanya kazi moja ya pamoja. Walijenga duara lenye kipenyo cha kiasi cha meta 120, lililozungukwa na mihimili 64 ya zege yenye umbo la pembe tatu, kila mmoja ukiwa na kimo cha meta 4. Ndani ya duara hawakuweka kitu. Waliuacha uji wa Xitle uliogandika kama ulivyo, na mawimbi yake meusi, nyufa zake na majani yake.

Mtu akisimama ukingoni hutambua kwamba mchongaji mkubwa kuliko wote sita ni mlima wenyewe. Kazi ya binadamu imekuwa kuweka uzio wa heshima tu, kama askari wa gwaride waliopanga duara kuzunguka kitu cha thamani wakiwa wamekipa uso. Mwaka 1983 sehemu ya uwanda ule ilianza kuhifadhiwa na chuo kwa ajili ya mimea na wanyama wake.

Mwaka 2016 palizuka mabishano makali. Jengo jipya la Kitivo cha Sayansi za Siasa na Jamii lilikuwa limeinuka mpaka likaharibu upeo wa macho wa mtu aliyesimama ndani ya duara. Wasanii na wanafunzi walilalamika kwamba sanaa ya nje si kile kilichojengwa tu, bali hata anga inayoizunguka. Wengine walijibu kwamba madarasa nayo yahitajika. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na mabishano hayo yaonyesha kwamba kulinda kitu cha umma si kuzuia wezi peke yake.

MAFUNZO KWETU

Mwaka 2007 shirika la UNESCO liliuingiza mji ule wa chuo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo haikutolewa kwa sababu ya dhahabu wala marumaru. Vitu vilivyotumika ni vya kawaida: mawe ya porini, vioo, zege na jiwe la volkano ambalo hapo kwanza hakuna aliyelitaka.

Sisi nasi tunazo kazi za namna hiyo, ijapokuwa si nyingi kama zao. Mnara wa Uhuru ulio Kampala, ambapo mama amemwinua mtoto wake juu, ulitengenezwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Katika Maktaba Kuu ya Makerere husimama sanamu ya mti iliyochongwa na Francis Nnaggenda miaka ya 1980, yenye jina la Majeruhi wa Vita. Sanamu hiyo imekatika viungo, lakini imesimama. Askari yeyote aliyerudi kutoka medani hahitaji mhadhiri kumweleza maana yake.

Twapenda basi kuwashauri ndugu zetu wa jeshi na polisi mambo mawili. Mpewapo zamu karibu na sanamu au mchoro wa umma, msiuone kama nguzo ya kuegemea au ukuta wa kukwepea jua. Uzungukeni, usomeni, ulizeni nani aliutengeneza na kwa nini. Mlinzi ajuaye anacholinda hulinda vizuri kuliko yule aliyeambiwa simama hapa tu. La pili, kumbukeni kwamba mali ya umma ni pamoja na ninyi wenyewe na watoto wenu. Kuta za Meksiko zilijengwa ili mtoto wa mwashi apite chini yake akijua kwamba amo. Na ninyi mmo katika kuta zetu. Mkizilinda, mnajilinda wenyewe.